Kesi imekwisha? Usirudi nyumbani kabla ya kuomba maandishi yake

JE, msomaji mpendwa, umewahi kusimama nje ya korti siku ya hukumu ukawaona jamaa za walioshindwa wakiulizana, "Sasa tufanye nini?" Mmoja atasema watafute wakili. Mwingine atasema wamwachie Mungu. Na hakosi wa tatu, mwenye kujifanya mjuzi wa sheria, atakayesema, "Tungojeni kwanza prosidingi zipigwe chapa, ndipo tukate rufani."

Ushauri huu wa tatu ndio uliowaponza wengi. Unasikika wa busara, lakini umewafungia watu mlango wa rufani kabla hata hawajaubisha.

Yalitaka kumpata jirani yangu mmoja, mjane anayeuza nafaka katika soko la mtaa wetu. Mumewe alipofariki alimwachia kinu cha kusaga unga. Kwa kuwa hakuweza kukiendesha, alikubaliana na mfanyabiashara mmoja amuuzie kwa Sh240,000. Mnunuzi alilipa nusu, akachukua kinu, kisha akaanza kumzungusha mama wa watu. Leo njoo kesho, kesho njoo Ijumaa. Mwishowe mama alikwenda kortini, na mnunuzi akadai kwamba alikwisha kulipa deni lote. Hakimu aliwasikiliza wote wawili, na siku ya hukumu mama akashindwa. Aliambiwa kuwa hakuwa shahidi wa kuaminika.

Mama hakuelewa, kwani alijua amesema kweli tupu. Pale nje kijana mmoja mwenye faili kwapani alimwambia ampe Sh5,000 naye ataharakisha prosidingi. Alimpa, na hajamwona tena hadi leo.

Aliyemfaa ni mwanawe aliyekuwa kidato cha nne. Kijana huyo aliandika barua kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la shule, akaitoa nakala dukani, na siku ya tatu baada ya hukumu akampeleka mamake katika masjala ya korti. Karani alizipiga muhuri barua zote mbili, akabaki na moja na nyingine akawarudishia. Mama aliitia ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Tutarudi kwenye mkebe huo baadaye.

Maandishi haya ni nini?

Kesi inapoendelea, hakimu au jaji huandika yanayosemwa mbele yake, ama kwa mkono ama kwa kompyuta. Huandika tarehe ya kila kikao, waliofika, ushahidi uliotolewa, maombi ya mawakili na amri alizotoa. Hayo ndiyo maandishi ya kesi, ambayo mawakili na makarani huyaita prosidingi. Yakishapigwa chapa, yakalinganishwa na yale ya asili na kutiwa muhuri na sahihi, huwa nakala rasmi ambayo korti nyingine yoyote itaikubali.

Usiyachanganye na hukumu. Hukumu ni uamuzi wa hakimu na sababu zake. Hukumu nyingi, hasa za Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani na Mahakama ya Juu, utazipata bila malipo katika mtandao wa Kenya Law, unaosimamiwa na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria. Lakini humo hutaona aliyoyasema kila shahidi, neno la hapa na jibu la pale. Hayo yamo katika faili ya korti, na ni lazima uyaombe.

Tena usitarajie kukuta kila neno lililotamkwa. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai yasema kwamba kwa kawaida ushahidi huandikwa kama masimulizi, si kama maswali na majibu. Pia lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya korti za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa kweli hata katika korti za chini maandishi mengi huwa ya Kiingereza. Shahidi atasema kwa Kiswahili, Kikamba au Kisomali, karani atatafsiri, na hakimu ataandika kwa Kiingereza. Katika safari hiyo, maneno hupotea njiani.

Ni haki yako

Huombi hisani. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kupata nakala ya maandishi hata kesi ikiwa ingali inaendelea, isipokuwa katika makosa madogo yanayoamuliwa kwa njia ya mkato. Baada ya kesi kwisha ana haki ya kuyapata katika muda unaofaa, kwa ada isiyo ya kuumiza. Nacho Kifungu cha 48 kinasema kwamba ada yoyote ya kutafuta haki isiwe kizuizi cha kuipata.

Wahusika katika kesi za madai nao huyaomba kwa njia hiyo hiyo. Mtu asiyekuwa mhusika aweza kuomba pia, lakini ataje sababu yake, na korti itaamua. Kesi zinazohusu watoto hulindwa zaidi, na usishangae ukikataliwa.

Saa ya korti haingojei

Hapa, msomaji, chukua kalamu uandike.

Katika kesi ya jinai iliyoamuliwa na hakimu, rufani hupelekwa Mahakama Kuu kabla ya siku 14 kwisha tangu hukumu au adhabu itolewe. Katika kesi ya madai, kutoka korti ya hakimu hadi Mahakama Kuu, una siku 30. Kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani katika kesi ya madai, unatakiwa kutoa ilani ya rufani kabla ya siku 14, kisha uwasilishe vitabu vya rufani katika siku 60 baada ya ilani hiyo.

Siku hizo hazisimami ati kwa kuwa karani hajamaliza kupiga chapa. Unapokata rufani kutoka korti ya hakimu, unawasilisha kwanza sababu zako za kupinga hukumu, nayo maandishi ya kesi yatafuata baadaye. Ukingoja maandishi kwanza, siku 30 zitapita ukiwa nyumbani ukipiga simu.

Hata hivyo sheria haikumsahau aliyecheleweshwa na korti yenyewe. Katika kesi za madai, korti ya chini yaweza kuthibitisha muda iliouchukua kukutayarishia nakala ya amri yake, na muda huo usihesabiwe. Katika kesi za jinai, Mahakama Kuu inatakiwa kuipokea rufani iliyochelewa ikiridhika kwamba mkata rufani aliomba nakala lakini hakuzipata katika muda unaofaa. Mahakama ya Rufani nayo huondoa siku za kungojea maandishi katika hesabu, mradi uwe uliyaomba kwa barua kabla ya siku 30 tangu uamuzi, na upande wa pili ukapewa nakala ya barua hiyo.

Umeona jambo moja linalojirudia? Kila huruma ya sheria inakuuliza, "Uliomba lini, na ushahidi wako uko wapi?" Jibu la maswali hayo ni ile barua yenye muhuri.

Barua yenyewe

Haihitaji wakili wala Kiingereza cha kutisha. Katika korti ya hakimu, mwandikie Msimamizi wa Korti. Katika Mahakama Kuu, mwandikie Naibu wa Msajili. Tumia maneno kama haya:

"Mimi ni mlalamishi katika kesi ya madai nambari fulani ya mwaka fulani, kati yangu na fulani, iliyoamuliwa na Mheshimiwa fulani tarehe fulani. Nimekusudia kukata rufani. Naomba nakala zilizothibitishwa za maandishi ya kesi, hukumu na amri. Niko tayari kulipa ada inayohitajika. Naomba nijulishwe zitakapokuwa tayari kwa simu nambari fulani."

Tia tarehe na sahihi. Nambari ya kesi ndiyo ufunguo wa masjala, na ukiikosea faili haitapatikana. Kesi zilizofunguliwa kwa njia ya mtandao huwa na herufi E mbele ya nambari, kwa hivyo usiiache. Mpango huo wa mtandao ulianza katika korti za Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 ukazinduliwa kwa korti za nchi nzima. Ikiwa kesi yako ilifunguliwa huko, barua pia yaweza kupitia huko. Hakikisha tu umehifadhi thibitisho kwamba ilipokelewa.

Ukienda mwenyewe, chukua nakala tatu. Moja itabaki kortini, moja utapelekea upande wa pili, na ya tatu, yenye muhuri wa kupokelewa, ni yako. Usikubali kuambiwa, "Acha hapo mezani, tutaipiga muhuri baadaye."

Ada hutegemea wingi wa kurasa. Uliza masjala ikuandikie kiasi cha kulipa, ulipe kwa njia rasmi za serikali, na udai stakabadhi. Mtu yeyote anayetaka umtumie pesa kwenye simu yake binafsi, hata akivaa tai na kuwaita mahakimu kwa majina, ni mwizi. Ikiwa huna uwezo, usinyamaze. Katika mambo ya jinai sheria inamruhusu hakimu kutoa nakala bila malipo kwa sababu maalumu, na katika madai kuna utaratibu wa maskini kuomba kukata rufani bila kulipa ada. Idara ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, na Kituo cha Sheria, ambacho kimewasaidia wanyonge tangu 1973, waweza kukuelekeza.

Ukizipata, zisome

Wengi wakipewa bahasha hukimbilia kwa wakili bila kuifungua. Kosa hilo! Wewe ndiwe uliyekuwako kortini, na wakili mpya hakuwako.

Kwanza hesabu kurasa, uone kama hazikuruka nambari. Pili, linganisha tarehe za vikao na zile ulizoandika katika daftari lako. Tatu, tafuta mashahidi wote. Utaona herufi PW1, PW2, na kuendelea. Hao ni mashahidi wa upande wa mashtaka au wa mlalamishi kwa zamu zao. DW1, DW2 ni wa utetezi. Herufi XX huonyesha mahali shahidi alipoanza kuhojiwa na upande wa pili. Nne, angalia kama vielelezo vimetajwa vyote, yaani risiti, mikataba, picha na barua zilizopokelewa na korti.

Ukikuta kosa la kupiga chapa, kama vile Sh12,000 badala ya Sh120,000, andika barua nyingine, utaje ukurasa na mstari, na uombe ilinganishwe na maandishi ya asili. Ikiwa kosa ni la tafsiri, mpiga chapa hawezi kulirekebisha, kwa sababu ndivyo hakimu alivyoandika. Hilo utalieleza katika rufani yako.

Tazama sana mahali mshtakiwa alipokiri kosa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa mwaka 1973, hakimu anatakiwa kumwelezea mshtakiwa shtaka kwa lugha anayoielewa na kuandika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo, kisha kumsomea maelezo ya kosa na kumpa nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Kama maandishi hayaonyeshi hayo, rufani ina la kusema.

Mkebe wa biskuti

Sasa turudi kwa yule jirani yangu. Muda mfupi baada ya hukumu, hakimu alihamishwa. Faili ikawa haionekani, mara iko kwa mpiga chapa, mara iko ghala. Miezi saba ilipita kabla ya prosidingi kutoka. Mama, aliyekuwa ameshauriwa angoje, hakuwa amewasilisha rufani. Alipokwenda Mahakama Kuu kuomba ruhusa ya kukata rufani nje ya muda, wakili wa upande wa pili alisema kwamba amelala kwa miezi saba na sasa anataka kuisumbua korti.

Mama alitoa ile barua ya karatasi ya daftari. Muhuri ulionyesha kwamba aliomba nakala siku ya tatu tu baada ya hukumu. Jaji aliisoma, akamruhusu.

Na katika kurasa zile zilizopigwa chapa, mwanawe aligundua kilichowaangusha. Mama alikuwa amemwambia hakimu kwamba mapatano ya kuuza kinu yalishuhudiwa na "ndugu ya marehemu mume wangu". Karani akatafsiri, na hakimu akaandika kwa Kiingereza neno la kaka wa damu. Shahidi huyo alipofika alisema yeye na marehemu ni watoto wa ndugu wawili. Mashahidi wengine wakasema marehemu alikuwa mtoto wa pekee. Basi hakimu akahitimisha kwamba mama alimbunia mumewe kaka asiyekuwako, na mtu anayebuni ndugu hashindwi kubuni deni.

Wewe na mimi twajua kwamba kwetu binamu ni ndugu, na hata mtu wa kijiji kimoja ni ndugu. Lakini hilo halikuingia katika maandishi. Bila ya kuyasoma, mama angekufa akiamini kwamba hakimu alihongwa. Alipoyasoma alijua hasa la kumwambia jaji, na akalisema.

Ukikwama

Ikiwa miezi inapita na hupati jibu, andika barua ya kukumbusha ukiambatisha nakala ya ile ya kwanza. Omba kumwona Msimamizi wa Korti, kisha hakimu mkuu wa kituo hicho. Ukishindwa, peleka malalamishi katika Afisi ya Mpokea Malalamishi wa Idara ya Mahakama, iliyoanzishwa mwaka 2011 wakati wa Jaji Mkuu Willy Mutunga.

Ikiwa faili imepotea kabisa, yaweza kuundwa upya kutokana na nakala walizo nazo polisi, afisi ya mashtaka, mawakili na wahusika. Ndiyo maana kila karatasi uliyopewa siku za kesi inafaa kuhifadhiwa. Usidanganyike kwamba faili ikipotea mfungwa huachiliwa moja kwa moja. Mahakama ya Rufani imeeleza kwamba hutazamwa haki ya pande zote, na kila kesi huamuliwa kwa hali yake.

Na ikiwa jamaa yako yuko gerezani, sheria inamruhusu kumpa msimamizi wa gereza karatasi zake za rufani, naye azipeleke kortini. Lakini usimwachie gereza kila kitu. Wewe uliye nje waweza kwenda masjala kuuliza kama barua yake imefika.

Kwa wanafunzi

Maandishi ya kesi hayafai wakata rufani pekee. Mwaka 1956 Dedan Kimathi alishtakiwa mjini Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kupatikana na bastola na risasi. Alihukumiwa kifo, akanyongwa Februari 18, 1957. Kwa miongo mingi wananchi hawakuweza kuyasoma maandishi ya kesi hiyo. Tulikuwa na masimulizi, na tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo ya mwaka 1976. Kisha mwaka 2017 maandishi hayo yakachapishwa katika kitabu Dedan Kimathi on Trial, kilichohaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur. Leo mwanafunzi aweza kusoma yaliyosemwa na mashahidi na yaliyosemwa na Kimathi mwenyewe, kisha akapima mwenyewe.

Ikiwa unasoma sheria, historia au uandishi wa habari, nenda pia ukaketi kortini. Kesi nyingi husikizwa hadharani, na mlango u wazi kwako. Usirekodi sauti wala kupiga picha bila idhini, lakini kuwa na daftari na kalamu. Fundisha na wazee wako nyumbani kufanya hivyo wanapokuwa na kesi, yaani waandike tarehe, jina la shahidi na aliyoyasema. Daftari hilo si maandishi rasmi, lakini litakuonyesha yale rasmi yamepungukiwa na nini.

Basi msomaji, hukumu ikisomwa na mambo yasiwe ulivyotumaini, lia kidogo kama ni lazima, kisha pangusa machozi uulize masjala iko wapi. Andika barua siku hiyo hiyo, au kesho yake, na uitafutie mkebe wa kuihifadhi. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari. Na haki nayo ni mali.